Wazazi Walivyomng'oa Mwalimu Jembe

Wanafunzi walilala barabarani.

Si mmoja, si wawili. Shule nzima. Wasichana kwa wavulana, na sare zao, chali kwenye vumbi jekundu la Karatu, mbele ya Landrova ya watu wa elimu.

Dereva akapiga honi. Akaingurumisha injini kuwatisha. Hakuna aliyesogeza hata kidole.

Ndani ya ile gari alikaa mkuu wa shule, Mwalimu Kornelio, na begi lake moja miguuni. Alikuwa anahamishwa. Tuseme ukweli tu: alikuwa anang'olewa.

Sasa ajabu ni hii. Hao waliolala barabarani ndio haohao waliokuwa wakimwita Jembe. Ndio waliomchora kwa mkaa kwenye ukuta wa choo, akiwa na mkia.

Pembeni walisimama wazazi. Walikuja na vigelegele mdomoni, waone adui yao anavyoondoka. Vigelegele vikaishia hapohapo.

Na mama mmoja, Germana wa kijiji cha Qurus, alijipenyeza mbele aone vizuri. Aliyelala mbele kuliko wote, kichwa karibu kiguse tairi, alikuwa Paskalina.

Binti yake wa kumzaa.

Na kilichomng'oa yule mwalimu ni maneno yaliyotoka kinywani mwa huyohuyo Paskalina.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe. Majina nimebadilisha, na jina la shule nalihifadhi. Wengine bado wapo, na wajukuu wao wana simu.

Ilikuwa mwaka 1983.

Enzi zile sekondari haikuwa ya kila mtu. Darasa zima la saba linafanya mtihani, anachaguliwa mmoja. Mwaka mwingine hata huyo mmoja hapatikani.

Paskalina alipochaguliwa kwenda ile sekondari ya serikali juu kule mlimani, baba yake, Hhando, alizunguka nyumba hadi nyumba kuwaambia majirani. Huyu ni mtu ambaye ng'ombe wake akizaa pacha, wewe utajua kwa kuona ndama wawili. Siku hiyo aliongea mpaka sauti ikamkauka.

Germana yeye alikuwa kinyume cha mumewe. Mkulima wa mahindi na maharage kama wengine wote pale Qurus, lakini mdomo alikuwa nao. Padri akitaka jambo liwaingie watu vizuri, anamwachia Germana alieleze baada ya misa.

Na ndoto yake ilikuwa moja tu. Paskalina awe nesi. Basi. Avae lile gauni jeupe, apite katikati ya watu.

Likizo ya mwezi wa sita, Paskalina akiwa kidato cha tatu, alirudi nyumbani.

Germana alikuwa jikoni anakoroga ugali. Akageuka kumtazama, mwiko ukabaki hewani.

Mtoto alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu kama ya korongo. Na mikono! Mikono ilikuwa na sugu kuliko ya baba yake.

"Haya nini mikononi?"

"Shule hiyo, aayo," akajibu Paskalina. Aayo ndiyo mama, kwa Kiiraqw chao cha nyumbani.

"Shule ya kusoma au ya kulima?"

"Ya kulima. Kusoma ni kama kitoweo, kinakuja kikipenda."

Mtoto akacheka. Mama hakucheka.

Akamkalisha kwenye kigoda, akampa kibuyu cha maziwa ya mgando, akaanza kumhoji. Na Paskalina, jinsi maziwa yalivyokuwa yanashuka, ndivyo maneno yalivyokuwa yanapanda.

Mwalimu wa fizikia alipelekwa vitani kule Uganda, vita vikaisha, mwalimu hakurudi. Wa Kiingereza ameacha kazi anauza mitumba kwa kificho. Maharage yana wadudu. Bweni linavuja. Asubuhi kabla ya darasa ni shamba, baada ya darasa ni shamba, Jumamosi ni shamba kutwa.

"Na huyo mkuu wenu je?"

"Jembe? Weee! Jembe ni balaa. Hesabu anafundisha yeye, kemia yeye, kilimo yeye. Asubuhi Jembe, mchana Jembe, jioni prepo ya kujisomea ni Jembe na taa yake ya karabai. Ukisinzia, fimbo. Ukichelewa shamba, fimbo. Mtu hachoki, sijui halali!"

"Na hayo mahindi mnayolima anakula nani?"

Paskalina akafuta mdomo kwa kiganja.

"Tunakula. Ila mengine yanapakiwa kwenye lori. Linakuja jioni jioni, linaondoka na magunia."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wenye umri mnaukumbuka mwaka ule. Dukani hakuna sabuni, hakuna chumvi, hakuna sukari. Redio kila siku ni walanguzi, walanguzi, wahujumu uchumi. Watu wanakamatwa mpaka wengine wanatupa bidhaa mtoni usiku usiku ili wasikutwe nazo.

Sasa mwambie mama wa mwaka 1983 kwamba mkuu wa shule anapakia magunia kwenye lori jioni. Ataelewa nini?

Jumapili baada ya misa, Germana alimfuata Wilibrodi.

Wilibrodi alikuwa mwenyekiti wa wazazi. Mtu wa ngano, ana trekta, ana tumbo, na mwanawe naye alikuwa anasoma palepale.

"Umesema magunia?" Wilibrodi akauliza, macho yamemtoka.

"Magunia. Jasho la watoto wetu."

Kufumba na kufumbua wazazi wamejaa pale nje ya kanisa. Kila mmoja alikuwa na lake la moyoni, alikosa pa kulitolea tu.

"Wangu karudi na kidonda mguuni, hata dawa hakupewa!"

"Wangu kidato cha pili, hajui kusema hata good morning!"

"Mimi nilimpeleka mtoto shule ya serikali, kumbe nimempeleka kuwa kibarua! Heri angebaki kwenye kahawa na mimi, angepata hata posho!" Huyu alikuwa baba mmoja aliyetoka Singida kutafuta kazi kwenye mashamba makubwa ya kahawa.

"Lakini si ni Mnyaturu mwenzako yule mkuu?"

"Mwenzangu wapi! Mwizi hana kabila."

Ikaamuliwa. Aitwe mtu wa elimu kutoka mkoani, afanye mkutano, asikie maoni ya wazazi kwa masikio yake.

"Na atakayesema?"

Wote wakamtazama Germana.

Hhando alikuwa amesimama nyuma ya watu. Njiani wakirudi akamwambia mkewe neno moja tu.

"Mama Paskalina, ungemuuliza kwanza mtoto."

"Nimeshamuuliza! Maneno si ndiyo yake?"

Hhando akaongeza mwendo. Ndivyo alivyokuwa.

Siku ya mkutano wazazi walikaa kwenye madawati, ndani ya bwalo. Wanafunzi waliambiwa wabaki nje. Hakuna aliyefikiria kwamba nao wangeweza kuwa na neno la kusema.

Mbele alikaa afisa wa elimu na suti yake ya kaunda. Pembeni yake, Mwalimu Kornelio. Mtu mwembamba, shati limefifia, viatu vina udongo wa shamba. Alionekana kama mtu aliyetoka kuamshwa.

Germana akasimama.

Jamani, yule mama alisema! Alisema mpaka wengine wakatoa leso. Alisema juu ya mikono ya Paskalina. Alisema juu ya maharage yenye wadudu. Alisema mzazi wa kijijini anapompa serikali mtoto wake mmoja aliyechaguliwa, ni kama amempa jicho, na mtu hachezei jicho la mwenzake.

Halafu akasema juu ya lori.

Bwalo likalipuka. Afisa akagonga meza mpaka kukatulia.

"Mwalimu Kornelio," afisa akasema bila kumtazama, "umesikia. Jibu."

Mwalimu akasimama polepole. Akatazama nje dirishani, ambako mpishi wa shule alikuwa amesimama na aproni yake, ameikunjakunja mkononi kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kisha akamtazama Germana.

"Watoto wanakula," akasema.

Akakaa.

"Ndiyo jibu hilo?" Wilibrodi akapiga kelele. "Ndiyo jibu hilo?"

Walikwenda kupekua nyumba ya mwalimu. Walikuta kitanda, vigoda viwili, mrundo wa madaftari ya wanafunzi na sufuria moja. Hakuna sukari iliyofichwa, hakuna khanga, hakuna sabuni. Hata mke hakuwepo, walisema alishaondoka siku nyingi.

Lakini wazazi walishachemka, na afisa alitaka kurudi Arusha na amani. Akasema mkuu wa shule ataondolewa, atapelekwa kufundisha shule ya msingi huko Endulen, ndani kabisa ya Ngorongoro, kwa Wamaasai.

Mkuu wa sekondari, kupelekwa kufundisha a-e-i-o-u! Wazazi wakapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Ndipo ikafika ile siku ya Landrova.

Mwalimu Kornelio alifungua mlango, akashuka. Wanafunzi wakaanza kulia. Si kulia kwa aibu, kulia kwa sauti kama msibani.

"Inukeni," akasema. "Mnachafua sare, na sabuni hakuna."

Hakuna aliyeinuka.

"Paskalina. Inuka."

Paskalina akainuka, uso umejaa vumbi na machozi, umekuwa tope. Mmoja mmoja wengine nao wakafuata. Jembe alikuwa bado ni Jembe. Alipotoa amri, walitii.

Akaingia garini. Gari likaondoka. Hakugeuka nyuma.

Germana akamkimbilia binti yake, akamshika bega. Paskalina akalitoa lile bega kama limeguswa na moto.

"Aayo, umefanya nini?"

"Mimi? Si ulisema anawatesa? Si wewe uliyeniambia habari za magunia?"

"Nilisema! Mtoto akitoka shule aseme nini nyumbani? Nilikuwa nalalamika tu. Nilitaka unionee huruma. Nilitaka maziwa!"

"Sasa mbona hukuniambia..."

"Hukuniuliza! Umeniuliza yanaliwa na nani, hukuniuliza kama nataka aondoke! Nani atatufundisha hesabu sasa? Nani?"

Germana akainama, akaanza kumkung'uta vumbi kwenye sare.

Akaletwa mkuu mpya wa kukaimu. Kijana anaitwa Sylvesta, mpole, mcheshi, ana afro lake limechanwa vizuri. Siku ya kwanza akatangaza kwamba fimbo mwisho, na shamba ni Jumamosi tu kwa anayependa.

Wiki ile ilikuwa sikukuu. Wanafunzi waliimba. Hata Paskalina alicheka mara moja.

Kisha mahindi yakaisha stoo.

Sylvesta akaandika mkoani kuomba chakula. Akaandika tena. Akaenda mwenyewe. Alirudi na ahadi.

Kisha chumvi ikaisha. Mafuta ya taa yakaisha, prepo ikafa. Kisha daftari zikaisha, watoto wakawa wanaandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji.

Ndipo yule mpishi, anaitwa Boazi, akafungua kinywa. Aliwaambia wanafunzi pale jikoni, mbele ya masufuria yaliyofunikwa kifudifudi.

"Mlikuwa mnadhani daftari zinatoka wapi? Serikalini? Serikali imeleta daftari mara ya mwisho lini? Yale magunia yalikuwa yanashuka Arusha, yanarudi chumvi, daftari, chaki, mafuta ya taa, na zile dawa zenu za kemia. Mimi ndiye niliyekuwa napakia na mwalimu. Siku ya mkutano nilisimama dirishani nimtolee ushahidi. Hakuniita."

Habari zikafika Qurus kabla ya jua kuzama.

Germana alikaa chini palepale shambani. Akashika udongo, akauachia. Hhando alisimama karibu naye, akaendelea kupalilia. Hakusema "nilikuambia." Pengine ingekuwa nafuu kama angesema.

Mwaka uliofuata mvua za masika ziligoma. Shule ikafungwa kwa muda, wanafunzi wakarudishwa makwao kwa sababu hakuna cha kuwalisha. Na kidato cha nne kilikuwa hakijaona mwalimu wa hesabu tangu Jembe aondoke. Kemia ndio usiseme.

Germana na Wilibrodi wakafunga safari mpaka mkoani. Afisa ni yuleyule, suti ni ileile.

"Tunaomba mwalimu wa hesabu," akasema Germana.

Afisa akavua miwani.

"Mama, si mlikuwa naye?"

Wakatoka nje. Wilibrodi akawasha sigara, akamwambia kwamba yeye ameshamtafutia mwanawe nafasi seminari, Jumatatu anampeleka.

"Na sisi wengine?"

"Mama Paskalina, kila mtu abebe wake."

Mwenye trekta kaondoka na wake. Mwenye jembe kabaki.

Sasa Germana akapata wazo, na wazo hilo ndilo lililomweka hai wiki zile. Atakwenda Endulen. Atapiga magoti mbele ya Mwalimu Kornelio. Atamwomba msamaha, kisha atamwomba aje, hata kwa likizo moja tu, awafundishe watoto kabla ya mtihani. Watamlisha wazazi wenyewe. Watamlaza nyumbani kwao.

Alimwambia Paskalina. Na Paskalina, ambaye tangu siku ya Landrova alikuwa akimjibu mama yake kwa neno moja moja, alimkimbilia akamshika mikono yote miwili.

"Atakuja, aayo. Ukimwambia ni sisi, atakuja. Mwambie nimefika kwenye logarithimu peke yangu, nimekwama."

Alipanda lori la misheni lililokuwa linapeleka unga hospitali ya kule. Walipita lango la Ngorongoro kwenye ukungu, baridi inapenya mpaka kwenye meno. Juu ya magunia alikaa na mzee mmoja wa Kimaasai, Moloimet, amejifunga shuka mbili, amekumbatia dumu lake.

"Unakwenda kwa mgonjwa?" Moloimet akamuuliza.

"Nakwenda kwa Mwalimu Kornelio."

"Ah! Mwalimu mzuri yule! Anafundisha wajukuu wangu. Anacheka sana."

Germana akadhani mzee amemchanganya na mtu mwingine. Anacheka?

Moloimet akampeleka mpaka mlangoni.

Mwalimu Kornelio alikuwa ameketi nje ya nyumba, juani, anakunywa chai ya maziwa. Germana nusura asimtambue. Alikuwa amenenepa. Mashavu yamejaa, shati jeupe, viatu safi. Mezani pana redio inaimba taratibu.

"Mama Paskalina! Karibu, karibu sana!"

Germana akaanza kupiga magoti. Mwalimu akamwahi, akamwinua, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha. Sikujua. Boazi ametuambia yote. Nilikukosea mimi, niliwakosea watoto..."

"Mama," akamkatiza. "Mimi nilikuwa natafuta namna ya kukushukuru."

Germana akadhani ni kejeli. Akamtazama usoni. Haikuwa kejeli.

"Miaka mitatu niliomba uhamisho," akasema Mwalimu. "Kila nikiomba, yule afisa ananiambia hana wa kuweka pale. Nikimwambia chakula hakuna, ananiambia, 'Mwalimu, jiongeze.' Yeye ndiye aliyeniambia niuze mahindi. Alijua kila kitu. Mke wangu aliondoka, akasema hakuolewa na shule. Kila gari likiunguruma usiku nilikuwa najua wamekuja kunikamata kama mlanguzi."

Akammiminia chai.

"Siku ile uliposimama, Boazi alikuwa dirishani. Ningemwita angesema yote, na afisa angeaibika mbele ya watu. Ningeshinda, mama. Nilijua kabisa nitashinda."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

"Kwa sababu ningeshinda, ningebaki."

Upepo ukapita. Mbali kidogo kengele za ng'ombe zilikuwa zinalia.

"Hapa hata kulima ni marufuku," akasema, akatabasamu. "Sheria ya hifadhi. Unaijua raha ya mwalimu asiyelima?"

Germana alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Akasema yale aliyotumwa. Kuhusu mtihani. Kuhusu likizo moja tu. Kuhusu Paskalina na logarithimu zake.

Jina la Paskalina lilipotajwa, tabasamu likaondoka. Mwalimu akageukia redio, akaizima.

"Anaweza, yule," akasema kwa sauti ndogo. "Ana kichwa."

"Basi njoo, Mwalimu."

"Hapana."

"Siku chache tu."

"Mama, nikirudi mlangoni pale shuleni, wakiniona wale watoto, sitatoka tena. Usiniombe. Nakuomba mimi sasa, usiniombe."

Na akalia. Mtu mzima, palepale juani, na mashavu yake yaliyonenepa.

Germana hakumlaani. Alitaka, akajaribu, ikashindikana. Alimaliza chai, akashukuru, akarudi barabarani kusubiri lori.

Paskalina alikuwa anamsubiri njia panda ya Qurus tangu mchana.

"Aayo! Amesemaje?"

Hapo ndipo yule mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuzuia neno, alipozuia neno.

Alimtazama binti yake. Akaona kwamba katika shule ile yote, katika serikali ile yote, mtoto huyu alikuwa na mtu mmoja tu anayemwamini. Akimwambia ukweli, hata huyo mmoja ataondoka.

"Amenyimwa ruhusa," akasema. "Alilia, mwanangu. Alisema una kichwa."

"Nilijua angekuja kama wangemruhusu," akasema Paskalina. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa mgumu kama jiwe. "Ni wewe, aayo. Ungemwacha tu pale. Ni wewe."

"Ni mimi," Germana akajibu.

Mtihani ulifanyika mwezi wa kumi na moja. Matokeo yalipotoka, ubao wa matangazo ulijaa sifuri kutoka juu mpaka chini. Hakufaulu hata mmoja wa kupelekwa popote. Paskalina alifaulu Kiswahili na siasa, hesabu akapata F, kemia akapata F.

Unesi ukaishia hapo.

Alikwenda kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, akaolewa hukohuko. Kwa mama yake alikuja kwenye misiba na kwenye Krismasi, akakaa kidogo, akaondoka. Kila mara watu wakizungumza habari za shule, alisema lilelile: "Tulikuwa na mwalimu, mama yangu akamfukuza."

Germana alikuwa anasikia. Hakujibu hata siku moja.

Aliyenisimulia ni Germana mwenyewe, akiwa mgonjwa, miaka michache kabla hajazikwa. Nilimuuliza kwa nini asimwambie mwanawe, wote sasa ni watu wazima.

Akasema, "Mama atasamehewa au hatasamehewa, ni mama tu. Mwalimu akivunjika moyoni mwa mtoto, hakuna kinachobaki."

Sijui kama alikuwa sahihi. Mpaka leo nalifikiria.

Ninachoweza kuwaambia wazazi wenzangu ni hiki. Mtoto akikulalamikia shule, msikilize, halafu muulize anataka ufanye nini. Malalamiko ni kitu kimoja, maoni ni kitu kingine. Na ukiona shule nzima imesimama juu ya mabega ya mtu mmoja, usianze kushangilia wala kulaumu. Jua tu kwamba mtu huyo amechoka, na kila siku anautazama mlango.